Mafundi Wanajibu: Shokapu za Mbele Bila Kugusa Springi

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina Corolla NZE121. Shokapu za mbele zinavuja mafuta, na gari linadunda kila nikipita matuta ya barabara ya Moshi. Nyumbani nina sakafu ya saruji, jeki na seti ya boksi spana. Naweza kuzibadilisha mwenyewe bila kifaa cha kubana springi? *Msomaji, Sakina, Arusha*

JIBU: Unaweza, ndugu yetu, ila springi usiifungue. Kwenye Corolla hiyo shokapu, springi na mauntini (kikalio cha juu kinachofungwa kwenye bodi) hutoka pamoja kama kitu kimoja, na kukitoa na kukirudisha ni kazi ya spana za kawaida. Balaa liko kwenye nati moja tu, ile ya katikati juu kabisa. Hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa isifyatuke. Ukiilegeza bila kifaa, mauntini inaruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Kamba, waya au mnyororo havifai kuwa mbadala, hata kama umeona mtu akifanya hivyo akapona.

Kwa hiyo chagua moja: nunua seti kamili iliyokwisha fungwa, au nunua shokapu mpya tupu, toa za zamani mwenyewe, kisha uzipeleke gereji yenye kifaa wakuhamishie springi. Utalipia kazi hiyo tu. Ukifuata njia ya pili, mauntini, mpira wa vumbi na stopa (mpira unaozuia shokapu isigonge mwisho) vibadilishwe hapohapo, maana kuvirudia baadaye ni kazi yote upya. Ukinunua mtumba kamili, yenye fimbo ya shokapu iliyolowa mafuta iache. Yenye mpira wa mauntini wenye nyufa, iache pia. Zisimamishe mbili sambamba. Zikipishana kimo, muuzaji amechanganya magari mawili. Kulia na kushoto hazifanani, angalia kishikio cha paipu ya breki. Nenda na namba ya fremu mfukoni.

Jioni ya kuamkia kazi, piga bolti zote brashi ya waya na uzimwagie mafuta ya kulegeza kutu. Nunua na stabilaiza linki mbili mpya kabisa (vijiti vinavyounganisha shokapu na stabilaiza, chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona). Utaona sababu yake.

Asubuhi, weka kabari matairi ya nyuma, vuta handibreki, legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini. Inua mbele pande zote mbili na uliweke juu ya stendi. Ukiinua upande mmoja tu, stabilaiza inajikunja na linki inagoma kutoka. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Tofali nalo usilitumie, hupasuka bila kutoa taarifa. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari kama akiba.

Sasa fungua kishikio cha paipu ya breki na waya wa ABS (breki zisizofunga tairi) kwenye mwili wa shokapu. Fungua nati ya juu ya linki huku umeizuia fimbo yake isizunguke kwa ufunguo wa pembe sita. Hapa ndipo wengi wanapokwama: tundu la ufunguo limeliwa, fimbo inazunguka na nati. Usipoteze saa nzima, ikate kwa msumeno wa chuma. Ndiyo maana tulisema ununue mpya.

Kabla ya kugusa bolti mbili kubwa za chini, funga hab (kitovu kinachobeba gurudumu) kwa waya imara au iegemeze kwa jeki chini ya mkono wa chini. Ukisahau, hab inalala nje, inavuta paipu ya breki, na draivu shafti (mhimili unaozungusha gurudumu) inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake cha ndani. Kisha zungusha nati, si bolti. Bolti izuie tu kwa spana ya pili. Ikigoma, ongeza bomba la chuma kwenye mpini. Gonga bolti zitoke kwa nyundo na kipande cha mti, usiharibu meno.

Mwisho fungua nati tatu za juu, ndani ya boneti, mwenzio akiwa ameshika shokapu kwa chini ili isidondoke. Tatu za pembeni. Ile ya katikati unaijua.

Kurudisha ni kinyume chake: nati tatu za juu kwanza, kwa mkono tu, halafu bolti za chini, halafu linki na vishikio. Ndipo ukaze. Gari hili linataka takriban Nm 153 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) kwenye bolti za chini, 39 kwa kila nati ya juu, 74 kwenye linki na 103 kwenye nati za gurudumu. Kama huna spana ya kupimia, tafuta mizani ya kuning'iniza ya sokoni. Inase kwenye mpini sentimita 50 kutoka katikati ya nati, vuta kwa pembe mraba hadi isome kilo 31: hiyo ni kama Nm 152. Kwa sentimita 20, kilo 20 ni Nm 39. Kwa linki, sentimita 25 na kilo 30. Kwa gurudumu, sentimita 30 na kilo 35, gari likiwa limeshushwa.

Kwa mtu anayeanza, pande zote mbili ni nusu siku. Ukimaliza nenda Usa River urudi, kaza tena nati za magurudumu, kisha upeleke gari alaimenti (kupangwa mwelekeo wa matairi). Matundu ya bolti za chini yana nafasi kidogo, kwa hiyo mwinamo wa tairi umebadilika hata kama macho hayaoni. Ukipuuza, tairi italiwa upande mmoja.

SWALI: Gereji moja imenibadilishia shokapu. Sasa nikikata usukani gari limesimama, kuna mlio kama waya ukikatika. *Msomaji, Soweto, Moshi*

JIBU: Springi inajikunja halafu inajinasua. Ama beringi ya mauntini imekwisha au imewekwa vibaya, ama ncha ya springi haikukaa kwenye ngazi yake. Mtu azungushe usukani, wewe gusa springi kwa ncha za vidole, mbali na tairi. Ikiruka, umepata. Warudishie, kubana springi ni kazi yao.

SWALI: Upande mmoja tu ndio unaovuja. Nibadilishe huo peke yake? *Msomaji, Njiro*

JIBU: Hapana, zote mbili. Upande mpya ukibana na mwingine ukilegea, gari huvuta na kuyumba ukifunga breki kwa ghafla. Linki ndiyo unaweza kubadili moja. Na kama shida yako ni mlio wa kugonga tu bila mafuta wala kudunda, anza na linki, itikise kwa mkono. Mara nyingi ndiyo mkosaji, na bei yake ni ndogo mno kuliko shokapu.

SWALI: Naishi Kibosho. Spesa za kuinua gari zinafaa? *Msomaji*

JIBU: Sentimita mbili, tatu mwisho. Zaidi ya hapo draivu shafti inafanya kazi kwa pembe kali, mipira yake inapasuka na grisi inamwagika. Na spesa haiongezi ugumu wa springi: ukipakia ndizi, gari litashuka vilevile.