Hizo "sawa" 31 zifute kwanza, ndipo tuongee

Mkuu, uzi wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Unauliza kipeperushi cha Kiswahili kiandikweje, kama ni heri kungoja mahakama kuliko kwenda kwenye kura, na hela za kampeni mzitoe wapi. Nimeona. Lakini katikati umepitisha sentensi kama vile haina uzito: Jumamosi mmegonga milango 40 ya Waafrika wenzetu, na 31 wamesema sawa, watawaunga mkono kufuta kile kipengele cha katiba ya jimbo lenu hapa Marekani kinachosema ndoa ni mume na mke tu.

Thelathini na moja kati ya arobaini! Waafrika! Kwenye ndoa za jinsia moja! Aisee, hata mngekuwa mnagawa mchele msingefikisha 31.

Hewala haigombi, umesahau ulikotoka? Kaja kijana wa watu mlangoni, Kiswahili chake safi, karatasi mkononi, jasho linamtoka. Utamfukuza? Unamwambia sawa mwanangu, nimekusikia, Mungu akutangulie. Hiyo siyo kura, ni kumsindikiza mgeni.

Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na jasho. Mtu wa Kigoma, naishi Portland, ile ya jimbo la Maine. Gavana wetu wa wakati huo, Baldacci, alitia saini sheria ya kuruhusu ndoa za jinsia moja tarehe 6 Mei 2009, na mimi na mwenzangu tukapanga harusi mwezi wa kumi. Tulishaonja keki, tena mara tatu, maana ya bure. Wapinzani wakakusanya saini, sheria ikasimamishwa kabla haijaanza kazi, ikapelekwa kwa wananchi tarehe 3 Novemba. Mimi huyo, mbio ofisi ya kampeni kujitolea. Kusikia najua Kiswahili, wakanikabidhi Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wote waliokwishapata uraia.

Msimamizi wa zamu yetu alikuwa kijana aliyeletwa kutoka jimbo jingine, viatu vya kukimbilia miguuni, kila jioni anaandika namba ukutani kwa kalamu nyekundu. Alitaka milango 15 kwa saa. Piga hesabu: dakika nne kwa mlango, na ngazi humo humo. Kwa mama wa Kikongo dakika nne hujamaliza hata kusalimiwa. Fomu ilikuwa na 1 mpaka 5. 1 ni wako kabisa, 5 ni wa upande wa pili. Agizo lake: soma karatasi, usiseme habari zako binafsi, usikaribishe maswali, ukisikia "ndiyo" andika 1, ondoka. Nilimwambia, bwana, watu hawa wana adabu kuliko fomu yako. Akacheka, akanipiga begani, akasema niamini namba. Huyo mtu sijui yuko wapi leo. Nikimwona namrudishia ile fomu, na ataitafuna.

Sasa sikiliza. Ghorofa ya tatu kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu. Akanikalisha, chai ya tangawizi, karanga kwenye kisahani cha bluu. Nikasoma karatasi yote: haki, usawa, bima, urithi, kuruhusiwa kumwona mgonjwa hospitali. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila nukta. Mwisho akasema, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo." Nikaandika 1, nikameza karanga, nikashuka ngazi naimba. Wa namna hiyo nilipata zaidi ya ishirini. Jina langu likawa juu kabisa ukutani, nyekundu.

Siku ya kura kampeni ikasema kila mwenye 1 afikishwe kituoni. Nilikuwa na Corolla. Kuanzia asubuhi mpaka giza nilibeba watu, safari sita, petroli yangu. Mama wa Bukavu nilimfungulia mlango wa mbele kama bi harusi.

Tulishindwa, karibu 53 kwa 47.

Wiki chache baadaye nikamkuta dukani ananunua unga wa muhogo na sombe. Kwa upole kabisa akaniambia, "Kura yangu niliweka. Ndiyo, kama nilivyokuambia." Hapo ndipo damu iliponiganda. Maana swali la 2009 lilikuwa linauliza: unataka sheria hii ifutwe? Ndiyo ilikuwa ya wapinzani! Nikadhani kachanganya, kumbe wapi. Alijua vizuri sana alichoweka. Nimewapelekea wapinzani kura zao kwa gari langu mwenyewe, tena nikawafunga na mikanda wasiumie.

Nikamuuliza, mama, kwa nini? Akasema, "Ulisoma kama padri mwenye haraka. Hukuniuliza kitu." Alikuwa na maswali mawili. La kwanza, kama padri wao angeshitakiwa akikataa kufungisha ndoa hiyo. Sheria yenyewe ilisema wazi kwamba hakuna taasisi ya dini itakayolazimishwa, na nakala nilikuwa nayo kwenye mkoba, umbali wa mkono kutoka kwenye kile kisahani! La pili, aliona kwenye televisheni kwamba watoto watafundishwa ndoa hizo shuleni. Tangazo la aina hiyo hiyo ndilo lililotumika California mwaka 2008 kwenye Proposition 8, kura ya wananchi iliyopiga marufuku ndoa hizo, na mshauri aliyeongoza kampeni ile, Frank Schubert, ndiye aliyekuja kuongoza ya Maine. Wapinzani walijua shaka ya mama huyu iko wapi. Mimi niliyekunywa chai yake sikujua.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu, na nitaisema mpaka mnichoke: mtu ambaye hajakutajia shaka yake bado hujaongea naye. Usiandike 1. Usiandike chochote. Mwulize, halafu funga mdomo, hiyo ndiyo kazi ngumu. Akisema "hapana, siwezi, mimi ni mtu wa kanisa," huyo ana faida kwako kuliko "sawa" kumi, maana amekufungulia mlango wa ndani.

Na wala si ushamba wa Kigoma huu. Wenzetu wa Los Angeles, baada ya kipigo cha Proposition 8, walirudi kugonga milango ya watu waliowapigia kura ya kuwapinga, wakawauliza kwa nini. Mwaka 2014 ukatoka utafiti mkubwa kwenye jarida la Science ukisifia mazungumzo yao, na 2015 ukafutwa: takwimu zilipikwa. (Mtafiti huyo mwenzangu kabisa kwa namba za uongo, ila yeye alichapishwa.) Walioufichua, watafiti Broockman na Kalla, wakafanya wa kwao Miami kuhusu watu waliobadili jinsia, wakautoa 2016: mazungumzo ya dakika kama kumi, ya kusikilizana, yalipunguza chuki na athari ikaonekana bado miezi mitatu baadaye. Dakika kumi, mkuu. Siyo nne.

Maine yenyewe tulirudi kwenye kura 2012, safari hii tukikusanya saini sisi wenyewe. Habari ya bima na urithi ikarudi nyuma, tukaanza na kumwuliza mtu habari za ndoa yake. Nikapanda tena ghorofa ya tatu. Saa moja na nusu. Akanisimulia harusi yake Bukavu, mvua iliyoharibu nywele, mbuzi wa mahari aliyetoroka njiani. Nikacheka mpaka machozi, halafu nikamwambia kwamba yule anayeniona naye sokoni ni mwenzangu wa maisha, siyo wa kugawana naye kodi ya nyumba tu. Akanyamaza. Akamimina chai. Akauliza, "Na mama yako Kigoma anajua?"

Hakunipa ahadi. Alisema swali hilo ataliacha wazi kwenye karatasi ya kura, wasimpate wao wala sisi. Nikaandika 3, 3 ya kweli, ya kwanza maishani mwangu. Na msimamizi wa mwaka huo hakunisumbua, alikuwa mama wa makamo anayejua kusikiliza.

Tulishinda. Tarehe 29 Desemba 2012 ukumbi wa jiji la Portland ulifunguliwa saa sita usiku watu wafunge ndoa. Sisi tulikwenda asubuhi, maana baridi ya Maine haina mapenzi na mtu. Mama wa Bukavu hakuja. Alimtuma mwanawe na bakuli la sombe, na jioni yake akapiga simu kuulizia bakuli.

Sasa wewe Jumamosi usiguse milango mipya. Chukua majina matano kati ya yale 31, nenda bila karatasi, kaa, kunywa utakachopewa, uliza. Kipeperushi kiache kwenye mkoba mpaka mtu akuulize kinachosemwa ndani. Wakibaki wawili kati ya watano, shukuru. Na gari liache nyumbani.