Macho wazi, lakini mwenyewe hayupo

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 16 husema kwanza kuna kitu kinampanda kutoka tumboni hadi kooni. Kisha hukodoa macho, hutafunatafuna ilhali mdomoni hamna chakula, na kupapasa vifungo vya shati. Baada ya dakika moja au mbili huzinduka bila kujua yuko wapi. Haanguki wala hatoi povu, kwa hiyo majirani wanasema si kifafa, ametupiwa kitu. Alipokuwa mdogo alipata degedege lililochukua muda mrefu. Ni nini kinachotokea kichwani mwake?
Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Pole, mama. Hakuna aliyemtupia kitu mwanao. Uliyoyaeleza yanafanana sana na kifafa kinachoanzia katika sehemu ya ubongo iliyo upande wa sikio, na kifafa cha aina hiyo mara nyingi hakimwangushi mtu.

Humo ndani imo hipokampasi, inayosaidia kuhifadhi kumbukumbu, na jirani yake amigdala, inayohusika na hofu. Seli zake huwasiliana kwa umeme: nyingine huchochea, nyingine huzuia. Hipokampasi ikiumia, baadhi ya seli hufa na kovu hubaki, nazo zilizosalia huweza kuchipuza nyuzi mpya zinazozirudia zenyewe, zikawa zinachocheana. Wagonjwa wengi wenye kovu hilo walipata degedege refu utotoni, na miaka mingi ya utulivu huweza kupita kabla ya shambulio la kwanza. Katika soko lenu la Kadutu kila mtu husema lake. Shambulio ni kama soko zima kupaza neno moja kwa pigo moja.

Kile kinachompanda kooni, mama, tayari ni shambulio lenyewe, ila umeme bado umebanwa mahali padogo, ndiyo maana anaweza kukusimulia. Unapoenea hadi katika talamasi, kituo cha kupitishia habari katikati ya ubongo, na viini vya chini vinavyomweka mtu macho, viini hivyo hulegea, na sehemu za juu za ubongo, ambazo umeme huo wala haukuzifikia, huingia katika mawimbi ya polepole yanayofanana na ya usingizi mzito. Hapo mikono hupapasa na macho hubaki wazi, lakini fahamu haipo. Usimkaripie, kwa maana hakusikii. Hata umeme ukitulia, ubongo huchelewa kurudi katika hali yake, naye huzinduka amechanganyikiwa.

Dawa kama kabamazepini hupunguza kasi ya seli hizo, na dawa hizo humezwa kila siku bila kukatizwa ghafla. Asiogelee ziwani peke yake wala asiachwe karibu na jiko la makaa. Shambulio likipita dakika 5, mkimbize hospitali. Kijiko kisiingizwe mdomoni kamwe. Andika saa linapoanza na linapokwisha, kisha umweleze daktari wa magonjwa ya neva kwa maneno yale yale uliyotuandikia, kwani shambulio ni nadra kutokea mbele yake.