Jibu: Bahasha ya "nauli" ni rushwa?

Mkuu, umeuliza kama "nauli" ya elfu ishirini wanayogawiwa waandishi baada ya mkutano na wanahabari ni rushwa. Angalia inavyotolewa: unasaini karatasi, jina na chombo chako, na afisa uhusiano anabaki na orodha. Habari isipotoka, anapiga simu: "Ile stori yetu vipi?" Kwangu mimi hiyo ni rushwa.

Irudishe bahasha kabla ya kusaini, kisha mtumie mhariri meseji ibaki kumbukumbu. Kama gari la waandaaji wa mkutano ndilo usafiri pekee, panda, ila habari iseme nani alikusafirisha.

Penye ugumu ni kwa mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari iliyotoka tu. Kitambulisho cha ithibati, yaani cha kumtambua rasmi kama mwandishi, chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ya Tanzania hakimlipii bodaboda. Mhariri atoe nauli kabla ya kumtuma.