Staithes na mama: nendeni maji yakitoka

Dada, umeuliza kama inafaa kumpeleka mama yako Staithes, kule pwani ya Yorkshire, atakapokuja kutoka Tanga mwezi wa nane, kwa sababu umeambiwa vijiji vya wavuvi vya Uingereza siku hizi ni vya watalii tu. Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Pangani, naishi huku kaskazini, na Staithes nimekwenda mara nyingi kuliko London. Mpeleke. Ila fuateni saa za maji, msifuate saa za basi.

Mara ya kwanza nilifika maji yamejaa. Niliona nyumba zilizobanana kati ya majabali mawili, Cowbar Nab na Penny Nab, na mapaa ya vigae vyekundu, basi. Nikala, nikapanda kilima nikarudi nyumbani. Mara ya pili nikafika maji yanatoka, ndipo nikaelewa. Kile kijito kinachopita kando ya nyumba ndicho bandari yao. Maji yakipwa mashua hukaa kwenye tope, na ukisimama kwenye daraja la waenda kwa miguu unaziona mpaka chini.

Ziangalieni vizuri hizo mashua. Huitwa coble. Omo, yaani sehemu ya mbele, limezama sana, lakini kuelekea tezi, yaani nyuma, chini ni bapa. Pwani ile ina mawimbi makali na mahali pa kujificha ni pachache, kwa hiyo coble ilifika ufukweni ikitanguliza tezi, omo likiwa bado limeyakabili mawimbi. Kwetu ngalawa tunaituliza kwa matengo, zile mbao za pembeni zinazoelea. Wao utulivu wameutafuta kwenye umbo la chombo chenyewe. Baba yangu angekaa pale hadi magharibi akizipapasa mbao.

Halafu kuna habari ya wanawake, na hii mwelezee mama taratibu. Wanaume walivua kwa mishipi mirefu yenye ndoana mamia, na kuitia chambo ilikuwa kazi ya wake na binti zao. Walitembea majabalini kwenye baridi wakibandua konokono wa mawe, wakamenya kome, wakatunga ndoana moja moja kabla mashua haijatoka tena. Mizigo waliibeba kichwani. Ndiyo maana wanawake wa Staithes walijulikana kwa kofia zao nyeupe za pamba, zenye marinda mbele na kitambaa kinachofunika shingo. Nilipoziona kwenye picha za zamani nilimkumbuka bibi yangu na ngata yake. Mama yako atalielewa jambo hilo kuliko sisi tuliosoma.

Watu watawaonyesha zaidi habari za James Cook, yule nahodha wa Pasifiki. Ni kweli alifika hapa mwaka 1745 akiwa kijana, akauza dukani kwa William Sanderson kama miezi 18, kisha akaenda mji wa bandari wa Whitby kujifunza ubaharia. Lakini duka lenyewe lilishachukuliwa na bahari. Msipoteze muda mwingi hapo.

Aliyekwambia kijiji ni cha watalii hakukosea kabisa, na hilo linaniuma. Meli za mvuke zenye nyavu za kukokota ziliwaondolea samaki wavuvi wa mashua ndogo. Reli iliyofika mwaka 1883 na kubeba samaki wao kwenda mijini ilifungwa mwaka 1958. Leo ni mashua chache tu zinazotoka, nyingi kutega kaa na kambakoche kwa madema. Nyumba nyingi ni za kupangisha wageni wa likizo. Niliwahi kulala pale usiku mmoja wa Januari, nikapita vichochoro vyote, kikiwemo Dog Loup ambacho mtu mnene hukipita kwa ubavu, na madirisha mengi hayakuwa na taa. Lakini mashua ya uokozi bado ipo, na wanaoingia baharini nayo ni watu wa kujitolea. Mkimkuta mtu anashona dema, msalimieni. Mwambieni kwamba mama ametoka pwani yenye wavuvi. Mimi nilivyosema hivyo, mazungumzo yalichukua saa nzima.

Sasa magoti ya mama. Gari mtaliacha juu, kwenye maegesho, kisha ni mteremko mkali wa mawe hadi chini. Kushuka si tatizo, kazi ni kurudi. Avae viatu vya raba, na mpange kupumzika njiani. Achukue sweta hata kama jijini Leeds, mbali na pwani, kuna jua, maana upepo wa Bahari ya Kaskazini haujui mwezi wa nane. Msikae chini ya majabali hata kama watoto wanaokota visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vya viumbe wa kale wanaofanana na konokono. Mawe huanguka, na yamewahi kuua.

Chakula: samaki na chipsi za Yorkshire mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na hakuna anayekuambia usipouliza. Kwa kuwa mama anazingatia halali, uliza kabla ya kuagiza, au mnunulie kaa aliyechemshwa.

Ukishapata tarehe iandike hapa. Nitakuangalizia maji yanatoka saa ngapi.