Mimba ya wiki 23 na safari ya meli ya kitalii
Dada, ikiwa mimba itakuwa na wiki 23 siku ya kupanda meli huko Miami, safari hiyo ya siku 10 haitakubaliwa, kwa sababu kampuni kama Royal Caribbean na Carnival hazimpokei mjamzito atakayeingia wiki ya 24, na huhesabu hadi siku ya mwisho ya safari, si siku ya kuondoka tu. Usiuone kuwa ni ukali wa bure: zahanati ya melini ina daktari na wauguzi, lakini haina vifaa vya kumtunza mtoto njiti. Ukiweza kuiwahisha safari hadi wiki ya 18 ya mimba, beba barua ya daktari inayotaja tarehe ya kujifungua, na umuulize daktari huyo kabla ya kulipa kuhusu Zika, ugonjwa unaoenezwa na mbu, uliowahi kuenea visiwani Karibi na unaoweza kumdhuru mtoto tumboni.