Embrace, Accept, Hug: Jifunze Neno Pamoja na Waandamani Wake

Msomaji mmoja anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, ameniandikia akiuliza kwa nini insha zake, ambazo sarufi yake ni safi, hurudishwa na mwalimu zikiwa na maelezo kwamba hakuna Mwingereza anayesema hivyo. Swali lake limenigusa. Mwezi uliopita ripoti niliyoitafsiri kwa Kiingereza ilipokelewa na wahariri bila neno hata moja kubadilishwa, ilhali katika ofisi niliyofanyia kazi zamani tafsiri zangu zilipelekwa kwanza kwa mgeni asiyejua Kiswahili ili azinyooshe. Jambo hilo linaniuma hadi leo, nalo ndilo lililonifanya nianze kuandika daftarini kila kitenzi pamoja na maneno yanayoandamana nacho. Mwanaisimu J. R. Firth alikwisha kusisitiza tangu miaka ya 1950 kwamba neno hujulikana kwa maneno yanayoandamana nalo.

Chukua kitenzi "embrace", yaani kukumbatia. Kwa Kiingereza watu husema "embrace change", "embrace an opportunity", na aliyesilimu huandikwa kwamba "embraced Islam". Lakini mwaliko, ofa na ombi la radhi huchukua "accept". Mtego mkubwa kwetu unatokana na magazeti yetu wenyewe, yanayoandika kwamba kiongozi fulani anawakumbatia mafisadi, yaani anawakingia kifua. Ukiandika "he embraces the corrupt", Mwingereza ataelewa kwamba anawafurahia na kuwakaribisha, kumbe ulikusudia "he shields the corrupt". Vivyo hivyo, mshtakiwa anayekubali kosa "admits" kosa hilo, wakati anayekubali kuwajibika "accepts responsibility".

Vielezi navyo vina wenyewe: "fully embrace", "wholeheartedly embrace", "readily accept", "reluctantly accept". Usiandike "strongly accept". Kumbatio la mikono ni "give someone a hug" katika mazungumzo, na "a warm embrace" katika maandishi rasmi.

Ndugu zangu, acheni kukariri orodha za maneno pweke! Msamiati hubeba robo ya alama za uandishi katika IELTS, na watahini hutazama pia jinsi maneno yanavyopangwa pamoja. Nawe uliyeniandikia, ichukue insha iliyorudishwa, pigia mstari kila kitenzi pamoja na nomino yake, kisha tafuta katika mifano ya kamusi uone kama maneno hayo mawili huandamana.