Nimesaini kushiriki utafiti wa dawa, nikijitoa navunja ahadi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nilisaini fomu ya kushiriki utafiti wa dawa ila sasa moyo umekataa, nataka kutoka. Kuna mtu kanisomea aya ya kutimiza ahadi akaniambia nitapata dhambi. Na zile hela za nauli walizonipa nirudishe?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Dada yangu, hupati dhambi inshaallah. Aya ipo kweli, mwanzo wa Suratul Maida, timizeni mikataba, lakini hebu ichukue hiyo fomu uisome tena, utakuta imeandikwa kushiriki ni hiari na unaweza kuacha wakati wowote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Hilo ni sharti la mkataba wenyewe, na Mtume (s.a.w.) amesema Waislamu wako kwenye masharti yao, kwa hiyo ukitoka umetumia haki mliyokubaliana, hujavunja kitu.

Halafu kuna hadithi wengi wanaipita tu. Katika maradhi yake ya mwisho Mtume (s.a.w.) alitiwa dawa pembeni ya mdomo huku anawaashiria wasimtie, wao wakasema aah, mgonjwa hapendi dawa tu huyo. Alipopata nafuu akawauliza, si niliwakataza? Anaisimulia bibi Aisha, imo Bukhari na Muslim. Yaani mgonjwa yuko hoi, anaashiria tu, na bado kukataa kwake kuna uzito, sembuse wewe unayesema kwa mdomo wako!

Na watu wameumia kwa kukosa haki hizi. Kule Tuskegee, Marekani, kwenye utafiti ulioendeshwa kuanzia 1932 mpaka 1972, wanaume weusi karibu 600, wengi wao wana kaswende, walifichwa ukweli wa ugonjwa wao wakaachwa bila penisilini hata ilipokuwa tayari ndo dawa yake inayojulikana. Dhulma tupu, inaniuma kila nikiisoma.

Ila usitoroke kimya kimya. Waambie, maana kuna dawa ukiziacha ghafla mwili unasumbuka. Na kama kuna vidonge uliruka sema uliruka, usiseme umemeza, hapo ndo penye dhambi kwa sababu majibu yako yatatumika kutibu watu wengine. Nauli si deni, walikupa uende na ukaenda. Uliza pia damu waliyokutoa wataifanyia nini, kama hutaki itumike kwenye utafiti mwingine waandike hivyo. Wakikukaripia, kwenye fomu huwa pana namba ya kamati ya maadili, wale wanaolinda haki za washiriki wa utafiti, wapigie.